Jibu: Kwa nini mchezo wa Don Larsen wa 1956 huitwa mchezo kamili

Ndugu, uliuliza kwa nini mchezo wa besiboli wa tarehe 8 Oktoba 1956, baina ya New York Yankees na Brooklyn Dodgers, huitwa mchezo kamili. Ni kwa sababu mrushaji Don Larsen aliwakabili wapigaji 27 wa Dodgers na wote wakatolewa bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza, jambo ambalo mrushaji mwingine yeyote hajalifanya katika fainali za ubingwa wa Marekani. Bahati ilikuwapo, kwani Mickey Mantle wa Yankees alikimbia mbali kuudaka mpira mrefu uliopigwa na Gil Hodges wa Dodgers, na hivyo kumtoa. Yankees walishinda 2–0, ingawa mrushaji Sal Maglie wa Dodgers, anayesahauliwa isivyo haki, naye aliruhusu mapigo matano tu yaliyowafikisha wapigaji kituoni.