Jibu: Mifereji mipya ya kiyoyozi kufeli kipimo cha uvujaji

Ndugu, umeuliza kwa nini mifereji mipya inayosambaza hewa ya kiyoyozi imefeli kipimo cha uvujaji ilhali vyumba vinapoa vizuri. Chumba kupoa hakuthibitishi kwamba mifereji haivuji. Mpimaji huziba matundu yote ya hewa vyumbani, hufunga feni yake kwenye tundu la kurudishia hewa, husukuma hewa ndani ya mifereji mpaka shinikizo lifike paskali 25, halafu husoma ni hewa kiasi gani inapotea. Kabla hajarudi, panda darini mwenyewe. Papasa maungio yaliyo karibu na mashine: mara nyingi utakuta utepe wa kitambaa umebanduka, na vumbi limechora mstari mweusi pale hewa inapopenya. Tafadhali usibandike utepe mwingine kama huo! Paka mastiki, yaani gundi nzito ya kuzibia maungio, iache ikauke kabisa. Na siku ya kupima, simama karibu usome geji mwenyewe.