Kaa chini ya vizimba: wamezaliana au wamehamia?

SWALI: Nafuga ngege kwenye vizimba Ziwa Victoria, upande wa Jinja. Kaa wamejaa chini ya vizimba. Nasikia wafugaji wa kome na chaza baharini nao huona hivyo. Je, ufugaji unawazalisha? Naweza kuwavuna?

JIBU: Ndugu mfugaji, usivune kabla hujajua wametoka wapi. Baharini, kome wanaodondoka kutoka kwenye kamba wanazofugiwa huwavuta kaa wa jirani, hivyo chini ya kamba hujaa huku idadi ya eneo zima ikiweza kubaki ileile. Kwako kivutio ni chakula kinachozama na samaki waliokufa.

Kwenye uzazi mambo ni tofauti kabisa. Jike la kaa koko wa baharini hutaga mayai zaidi ya milioni, na vibuu wake (watoto wachanga wasiofanana bado na kaa) huelea kwa wiki kadhaa. Baadhi huchujwa na kuliwa na kome haohao, lakini mkondo huleta wengine kutoka mbali. Kaa wa maji baridi hana kibuu anayeelea. Jike hubeba mayai makubwa, makumi hadi mamia machache tu, na watoto huanguliwa wakiwa tayari kaa kamili. Ukimaliza majike ya hapo, pengo halizibwi upesi.

Tega mitego 10 inayofanana: 5 chini ya vizimba, 5 umbali wa mita 200, kwenye kina kilekile na sakafu ya ziwa ya aina ileile. Kila mmoja utie gramu 100 za vichwa vya samaki, vifungwe ndani ya wavu ili kaa wa kwanza asivimalize. Tega jioni, tegua asubuhi, siku 3 mfululizo. Matundu yasizidi milimita 5, la sivyo wadogo watapita nawe utadhani hawapo. Pima upana wa gamba, andika jinsia: tumbo la jike ni pana, la dume ni jembamba.

Wakubwa wakijaa chini ya vizimba na kule mbali wakawa haba, huenda wamehamia. Wadogo wa sentimita 1 au 2 wakipatikana pande zote mbili, wanazaliana. Kumbuka tu kwamba kaa aliyeshiba chakula chako huingia mtegoni kwa uvivu, kwa hiyo hesabu ya chini ya vizimba huwa pungufu.

Tope likiwa jeusi lenye harufu ya yai bovu, pima oksijeni karibu na sakafu ya ziwa alfajiri. Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, punguza chakula na sogeza vizimba, maana kaa nao watahama. Majike yenye mayai au watoto yarudishwe palepale, bila kuwabandua watoto walioshikamana na tumbo la mama.