Mwanangu, kura hulindwa kituoni

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka nyumbani Mombasa. Sote tu wazima, na shangazi yako anasema ile pesa ya dawa ilifika, Mungu akuzidishie.

Leo ni siku ya tatu nimekaa na swali lako. Umeniuliza: nijiandikishe kweli kupiga kura, Mama, au napoteza muda? Na nikijiandikisha, nimpe nani 2027? Ukanikumbusha kwamba Juni 2024 vijana mlitoka barabarani, na siku moja baada ya watu kuuawa nje ya Bunge mswada wa fedha ukaondolewa, ilhali kura za miaka yote haziwapunguzii hata shilingi. Ukanitajia makato ya mshahara wako: asilimia 1.5 ya nyumba, asilimia 2.75 ya afya, na kodi ya mapato juu yake. Ukamalizia kwamba mshindi huamuliwa na kompyuta kule Nairobi, sisi wengine tunachomeka jua bure kwenye foleni.

Nitaanza na hiyo kompyuta, maana hapo ndipo ulipoteleza. Kura ya Kenya ni karatasi. Huhesabiwa palepale ilipopigwa, usiku uleule, mbele ya macho ya watu. Umenisikia nikisema tangu ukiwa shule na ninalisema tena: kura hulindwa kituoni.

Wewe hukuijua nchi ambayo kura haikuwa na karatasi. Babu yako aliijua. Mwaka 1988, kwenye mchujo wa KANU, chama kilikuwa kimoja na kura ya siri iliwekwa kando. Wanachama waliitwa uwanjani wakapangwa mstari nyuma ya mawakala walioshika picha za wagombea. Ndio huo mlolongo. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya waliojipanga alihesabiwa amepita moja kwa moja, bila mpinzani kwenye uchaguzi wenyewe. Mstari wa babu yako ulivuka lango la uwanja, ukapita mwembe, ukakata kona. Mstari wa pili ungeuhesabu kwa macho bila kuinuka ulipoketi. Afisa akatangaza kuwa ule mfupi ndio ulioshinda, na watu wakaambiwa waende makwao.

Fikiria maana yake. Watu wakishatawanyika, ushahidi wote umetawanyika nao. Hakuna karatasi ya kuhesabu upya, hakuna fomu, hakuna sahihi. Hata angepatikana jaji mwenye moyo, angehesabu nini? Nyayo? Babu yako hakuwa mtu wa kunung'unika, wajua, lakini hadi anaondoka duniani hakuwahi kupita uwanja ule bila kuutazama mwembe ule. Mimi mpaka leo moyo hunichoma nikilikumbuka jambo hili, na ndiyo sababu siwezi kumsikia mtu akiidharau karatasi ya kura nikanyamaza.

Mlolongo uliachwa. Vyama vingi vikarudi, na 1992 tukapiga kura ya siri. Lakini masanduku yalikuwa yanapakiwa kwenye magari kupelekwa kuhesabiwa kwenye kumbi za mbali, na njiani usiku hakuna ajuaye linalotendeka. Kuanzia 2002 kura zikahesabiwa kituoni. Badiliko hilo, kwa maoni yangu, limetusaidia kuliko kila mashine iliyonunuliwa baadaye.

Kwa hiyo swali ambalo ningependa uniulize ni hili: nikishapiga kura, nitailindaje? Jibu ni kuwa wakala. Chama au mgombea, hata yule wa kujitegemea, hukupa barua, ukala kiapo cha kutunza siri, ukapewa kitambulisho cha kuvaa.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Wewe fika saa kumi na moja alfajiri. Utaonyeshwa masanduku sita matupu, kila moja na rangi yake ya kifuniko. Tia macho ndani ya kila sanduku. Yakifungwa, andika nambari za vile vifungo vya plastiki kwenye daftari lako, maana ukilala usiku na kuamka kifungo kina nambari nyingine, neno lako tupu halitoshi. Karatasi za kura huja katika vitabu vyenye vishina na nambari. Andika nambari ya kwanza na ya mwisho. Jioni, zilizotolewa kwa wapiga kura, zilizoharibika na zilizobaki zikijumlishwa, lazima zilingane na zilizoletwa asubuhi.

Na usichanganye maneno mawili haya kama wanavyochanganya wengi. Kura iliyoharibika ni ile ambayo mpiga kura amekosea, akairudisha, akapewa nyingine, haikuingia sandukuni. Kura iliyokataliwa ilitoka sandukuni lakini haihesabiwi: haina alama rasmi ya tume ya uchaguzi, au imechaguliwa wagombea wawili, au haikuwekwa alama yoyote, au haieleweki ilikusudiwa nani. Msimamizi akikataa karatasi na wewe huridhiki, sema pale pale, na uhakikishe pingamizi lako limeandikwa. Kesho yake umechelewa.

Saa kumi na moja jioni waliomo kwenye foleni bado wana haki ya kupiga. Wakiisha ndipo huanza kuhesabiwa za urais. Msimamizi hukunjua karatasi moja moja, akataja jina kwa sauti na kuwageuzia mawakala waione. Usitazame mdomo wake, tazama karatasi. Usiporidhika na hesabu, sheria inakuruhusu kuomba irudiwe, na haizidi mara mbili. Kisha hujazwa fomu 34A: waliosajiliwa, kura halali, zilizokataliwa, na kura za kila mgombea. Mawakala hutia sahihi, kila mmoja hupewa nakala, nyingine hubandikwa mlangoni mwa kituo. Picha ya fomu hiyohiyo hutumwa kwa kifaa cha KIEMS, ile mashine ya tume ya kielektroniki, na fomu yenyewe hupelekwa kwenye kituo cha kujumlishia cha eneo bunge.

Kinachoharibika mara nyingi ni usingizi. Inafika saa nane usiku, mtu hajala tangu asubuhi, posho aliyoahidiwa na chama haijafika, na msimamizi naye anajumlisha akipiga miayo. Hapo 7 inaandikwa kama 1, kura za mmoja zinaingia kwenye mstari wa mwenzake, jumla inawazidi waliojitokeza. Kuna mawakala hutia sahihi fomu tupu saa tatu usiku ili waende kulala. Mwanangu, usitie sahihi kwenye fomu ambayo hujaisoma tarakimu kwa tarakimu. Na ukikataa kutia sahihi, andika sababu, kwa kuwa kukataa peke yake hakubatilishi matokeo. Sahihi yako ukishaitia, mahakamani itasimama dhidi yako.

Utaniambia tarakimu moja ya kituo kimoja ni kitu gani. Chukua kalamu. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa kwa kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Gawanya kwa vituo 46,229: ni kura tano kwa kila kituo. Kituo hakizidi wapiga kura 700 waliosajiliwa. Watano kati ya hao, mwanangu, ni watu wa nyumba moja.

Sasa najua utakaponishika, maana nami hujishika hapohapo usiku nikikosa usingizi. Kama kura hulindwa kituoni, mbona 2007? Fomu zilijazwa vituoni, mawakala wakatia sahihi, na bado Desemba 30 matokeo yakatangazwa katikati ya kelele pale KICC, jumba la mikutano la Nairobi, rais akaapishwa Ikulu jioni ileile, na watu zaidi ya 1,100 wakafa katika ghasia. Tume ya Kriegler ilipochunguza ilisema hesabu zilikuwa zimevurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Mimi moyoni nina ninachokiamini juu ya 2007, nawe unakijua. Lakini siwezi kukuandikia kama jambo lililothibitika, kwa kuwa karatasi za kulithibitisha zilivurugwa.

Basi nikubali: kituoni pekee hakutoshi. Njia kutoka kituoni hadi Nairobi nayo ina wezi wake. Lakini ona ni nini kilichoziba njia hiyo. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Maina Kiai, iliamua kwamba matokeo ya urais yakitangazwa kwenye eneo bunge ni ya mwisho, na tume ya Nairobi haina ruhusa ya kuyabadilisha. Miezi miwili baadaye tume ikatangaza mshindi kabla ya kuwa na fomu 34A zote mkononi, huku zaidi ya vituo 11,000 vikiwa vimetajwa kuwa nje ya mtandao unaofaa kutuma picha. Septemba 1 majaji wanne kwa wawili, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, wakafuta uchaguzi wa rais, jambo ambalo halikuwahi kutokea Afrika. Unakumbuka nilivyopiga kigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaolewa. Sikushangilia kwa ajili ya mgombea. Nilishangilia kwa sababu hatimaye mahakama iliuliza kile ambacho babu yako hakuwa na pa kukiuliza: karatasi ziko wapi?

Ndiyo maana 2022 fomu 34A karibu zote ziliwekwa kwenye tovuti ya tume, kila mtu akazipakua na kujumlisha mwenyewe. Makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo, kesi ikaenda mahakamani, ikadaiwa kuwa fomu zilibadilishwa njiani. Zikalinganishwa zile za tovuti, za mawakala na za asili, na madai hayo yakaanguka. Wapo watu wa nyumba hii ambao hawajaridhika hadi leo. Nawaelewa, na kwa baadhi ya mambo ya mwaka ule hata mimi sijatulia. Walakini ukiniuliza wapi pa kuanza kutafuta ukweli, sitakupeleka kwenye kompyuta. Nitakupeleka mlangoni mwa darasa, kwenye karatasi iliyobandikwa.

Kisha kuna jambo ambalo ninyi vijana hamlipi uzito. Juni 25, 2024, kabla hamjaingia Bunge, wabunge 195 waliupitisha mswada ule na 106 wakaukataa. Wengi wao walifika pale kwa kura za eneo bunge, baadhi zikihesabiwa mawakala wakiwa wameshaondoka baada ya hesabu ya urais. Makato yako ya nyumba hayakuwekwa na rais peke yake, yalipitishwa na Bunge. Wewe unayeimba jina la rais, unamjua mbunge wako alipiga upande gani? Mbunge ana fomu zake, 35A na 35B, na kesi yake hupelekwa Mahakama Kuu ndani ya siku 28. Ya rais ni siku saba, ikaamuliwa ndani ya siku 14. Usiondoke kituoni kabla karatasi za kijani, zile za mbunge, hazijaisha kuhesabiwa.

Na hata karatasi zenyewe zikaguliwe mapema. Hapa Mombasa mwaka 2022 kura ya gavana iliahirishwa, yetu na ya Kakamega, kwa sababu karatasi zilizoletwa zilikuwa na makosa. Tukapiga Agosti 29, na wengi hawakurudi foleni mara ya pili. Kosa la uchapishaji tu, na watu wakakosa sauti yao.

Kujiandikisha ni kazi ya dakika chache: kitambulisho chako cha asili, ofisi ya tume ya eneo bunge, alama za vidole. Jiandikishe mahali ambapo utakuwepo kweli Jumanne ya Agosti 10, 2027. Kama ni Nairobi, iwe Nairobi, usijiandikishe huku kwa kunifurahisha kisha nauli ikakushinda. Ukihama baadaye omba kuhamishwa kituo, usijiandikishe mara mbili, ni kosa la jinai. Mwaka 2022 umri ulikuwa umefika na hukujiandikisha, nami nikanyamaza. Nilikosea kunyamaza.

Na barabarani? Sikukatazi, wala sitasema mlikosea. Mswada uliondolewa, na sisi wazee tulikuwa tumekaa tukiulaani kwenye viti. Lakini barabara iliondoa karatasi moja ya sheria kwa damu ya watoto wa watu. Wale 195 walibaki kwenye viti vyao.

Nimpe nani, umeuliza. Jina ninalo. Nimeliandika kwenye barua hii mara mbili na mara mbili nimelikata, utaona wino. Wewe ni mtu mzima, na kura ni ya siri hata kwa mama. Yupo mmoja ambaye ningekuomba usimpe kabisa, nawe unamjua kwa yale tuliyoyasema Idi... basi, naacha hapo.

Ukishajua kituo chako, niandikie. Kurunzi ya babu yako iko kwenye droo ya juu, bado inawaka. Madarasa mengi ya kupigia kura taa zake ni mbovu, na nataka uzione hizo tarakimu vizuri. Nitaituma na basi pamoja na daftari na kalamu mbili.

Mamako