Kimea kibovu au kosa la mpishi? Tafuna punje kwanza

Mkuu, nimekupata. Kilo 4 za kimea cheupe cha shayiri (nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa) kwa lita 20 za bia, ulitegemea haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha wingi wa sukari kwenye maji ya kimea, isome 1.045, ikakusomea 1.030, na maji hayo yamebaki na ukungu, hayang'ai, hata baada ya kuchemka. Unataka kujua kama umeuziwa kimea kibovu. Huenda. Lakini mimi nimekilaumu kimea mara tatu, na mara mbili kati ya hizo kilikuwa hakina kosa lolote.

Kwanza nikuulize: ulipima maji yakiwa ya moto? Haidromita nyingi zimetengenezwa kupima kwenye nyuzi 20. Ukiitumbukiza kwenye maji ya nyuzi 60 itasoma chini kwa kama pointi 15, yaani pengo lako lote linaweza kuwa limejificha hapo. Mimi ndivyo nilivyoaibika mara ya kwanza. Poza kikombe kimoja, upime upya.

Mara ya pili ilikuwa kusaga. Roli za kinu changu zilikuwa zimeachana mno, punje zikawa zinapita nzima kama zilivyoingia. Chota konzi ya machicha uyatazame: ukikuta punje nzima nzima, kaza kinu mpaka nafasi ibaki milimita 1 hivi. Ganda lipasuke lakini lisigeuke unga, maana ndilo chujio lako.

Mara ya tatu sasa, kimea kilikuwa kibovu kweli. Nilikuwa nimeshasahihisha yote hayo, bado napata 1.032. Rojo, yaani kimea kilichosagwa na kulowekwa kwenye maji moto, limekaa saa nzima kwenye nyuzi 66, nikadondoshea tone la iodini, ile ya vidonda, kwenye maji kidogo juu ya kisahani cheupe. Likageuka jeusi la kuelekea buluu. Maana yake wanga upo pale pale, haujageuka sukari. (Hicho cha kwenye kisahani kimwage, usikirudishe sufuriani.) Nikaongeza nusu saa, rangi ikapungua kidogo tu.

Ndipo nikakaa chini na punje. Kimea kizuri ukikitafuna kinavunjika kirahisi kutoka ncha hadi ncha, ndani kuna unga mweupe, na utamu unakuja taratibu mdomoni. Changu kilianza vizuri upande mmoja, halafu jino likagota kwenye ncha ya pili, ngumu kama kokoto. Nikachukua wembe nikapasua punje 20 kwa urefu. Ukiangalia mgongoni, chini ya ganda, utaona chipukizi limelala. Kwenye kimea kilichoiva linatakiwa lifike robo tatu ya urefu wa punje au zaidi. Kwangu mengi yalikuwa yameishia nusu, na mbele yake punje ilikuwa ya kijivu inayong'aa kama kioo. Nafaka ilikaushwa kabla haijamaliza kuota. Ile sehemu ya kioo kuta zake hazijalainika, kwa hiyo maji hayaufikii wanga vizuri, na vimeng'enya vyenyewe, vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari, ni haba. Ukungu unaouona kwenye bia yako unaweza kuwa unatokana na hayo: wanga uliobaki na protini ambazo hazikuvunjwa.

Gunia sikulitupa. Nilichanganya nusu kwa nusu na kimea kingine nilichokiamini, kwa sababu kimea chenye nguvu kina vimeng'enya vya kutosha kumsaidia mwenzake. Nikaliacha rojo dakika 20 kwenye nyuzi 50, ndipo nikapandisha hadi 66 na kulishikilia dakika 90. Iodini ikabaki na rangi yake ya kahawia, na haidromita ikasoma 1.042. Angalizo: usichanganye na kimea cha karameli ukadhani kitasaidia. Kile kimepata joto kali mno, vimeng'enya vyake vimekufa, kinaleta rangi na ladha tu.

Kuna kimea kilichotoka kizuri kikaharibikia nyumbani. Kimea kipya kina unyevu wa asilimia 4 au 5 hivi, na kinapovunjika mdomoni unasikia mlio. Kikivuta unyevu wa hewa kinalegea, unatafuna kama karatasi, na hata bia haitoi ile harufu nzuri ya nafaka. Kilichokwisha kusagwa kinawahi zaidi, ndiyo maana mimi husaga siku ile ile ya kupika. Kilicholegea kidogo bado kinapikika, ongeza tu kipimo. Fukusi wakiwa wachache unapepeta. Wakiwa wengi, punje zimebaki maganda matupu, humo huna cha kukamua.

Kuvu ni habari nyingine. Ukiona punje zina madoa ya waridi au meusi, au ukifungua mfuko ukapigwa na harufu ya chumba chenye unyevu, hapo hakuna cha kuchanganya wala kuongeza dakika. Baadhi ya sumu za kuvu haziondoki kwa kuchemsha. Na hata tukiacha sumu pembeni, kuvu hao hao wa shambani ndio hufanya chupa ifumuke povu hadi darini ukiifungua, wewe ukabaki unailaumu sukari. Tupa, na chombo ukioshe.

Kwa hiyo usiku huu poza kikombe upime. Ikibaki 1.030, pasua punje 20, uhesabu ni ngapi chipukizi halijafika robo tatu, utuwekee picha hapa tuzione.