Nataka kulala garini msituni, mbali na watu

SWALI: Kila kambi ninayofika kwenye msitu mkubwa imejaa watu na muziki. Nitapataje pa kulala peke yangu na gari langu?

JIBU: Kwanza uliza ofisi ya misitu kama kulala nje ya kambi rasmi kunaruhusiwa, na barabara zipi ziko wazi kwa magari. Kisha fungua picha za setilaiti, ufuatilie njia za zamani za wakata magogo hadi zinapokomea. Huko mwisho mara nyingi utaona uwazi ambapo malori yalikuwa yakigeuzia. Mimi napapenda sana hapo: ardhi imeshashindiliwa, huui mimea mipya, na hakuna mpita njia, maana njia haiendi popote.

Fika jua lingali juu. Mita za mwisho zitembee kwa miguu kabla ya kuingiza gari; nyasi mbichi katikati ya njia huficha tope linalomeza tairi. Tazama juu pia, usiegeshe chini ya matawi makavu. Na tafadhali, hata baridi ikizidi, usilale injini ikiwaka: kaboni monoksaidi, gesi iliyomo kwenye moshi wa injini, haina harufu, nayo inaua. Ramani ya ulipo mwachie mtu nyumbani.