Mteja alisema "usikoboe", mimi nikasikia "ukoboe"

Mi nimesaga unga miaka kumi na moja, Makambako, na kama ushawahi kuingia mashineni unazijua zile kelele, kinu cha kukoboa na cha kusaga vikiwashwa pamoja mnabaki mnaongea kwa mikono. Vumbi tulikuwa tunaliogopa, tunajifunga kitambaa puani, ila kelele hakuna aliyekuwa anaihesabu kama kitu cha kuumiza mtu.

Siku moja mama mmoja kaleta mahindi debe mbili, kaniambia usikoboe nataka dona. Nikakoboa zote. Aliporudi akakuta pumba pembeni akaniangalia tu, akasema "baba, nimekwambia usikoboe, tena mara mbili". Na mi nilikuwa na uhakika kabisa kasema ukoboe! Nikamlipa. Wiki mbili mbele nikarudia kosa lile lile kwa mteja mwingine. Nyumbani nako mke wangu alishachoka, ananiambia siku hizi humsikilizi mtu, na usiku kukitulia masikio yanalia ngwiiii kama mtu aliyemeza kwinini.

Nikajua ni nta. Nikachokonoa kwa njiti ya kiberiti, kumbe ndo naisukuma ndani zaidi, na nta yenyewe wala sio uchafu, inalinda sikio na inatoka yenyewe taratibu. Tafadhali usiingize kitu, iwe njiti, ufunguo au pamba.

Mwisho nikaenda kliniki ya masikio, pua na koo. Wakanisafisha nta, ila bado. Wakaniingiza kwenye chumba kimya, nikavalishwa hedifoni, ukisikia mlio unabonyeza. Milio mizito niliipata yote, ile myembamba nikawa nimekaa tu nasubiri, kumbe inapigwa.

Daktari akanichorea. Sauti inapiga ngoma ya sikio, ngoma inatikisa vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, hicho kikuku kina milimita 3 hivi, hamna mfupa mdogo kama huo mwilini, chenyewe kinasukuma maji yaliyo ndani ya kitu kilichojikunja kama konokono. Humo kuna chembe elfu 15 hivi zenye vinywele, vinywele vikiinama ndo ubongo unapelekewa habari. Chembe za sauti nyembamba ziko pale mlangoni mwa konokono, na kelele za muda mrefu huanza na hizo. Zikifa hazioti tena.

Sasa fikiria Kiswahili chetu. A, e, i, o, u ni sauti nzito, zinafika. S, f, sh ni nyembamba. Uende na usiende, ukoboe na usikoboe, katazo lote limekaa kwenye hako ka "s"! Yani nilikuwa nasikia mtu anaongea ila sishiki alichosema, na watu wakipiga kelele haisaidii, bora aongee taratibu ananiangalia.

Nilipima ukubwa wa kelele pale mashineni kwa programu ya simu, ikawa inacheza kwenye desibeli 97. Kipimo cha usalama ni desibeli 85 kwa masaa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, kwa hiyo 97 ni nusu saa tu. Mi nilikuwa nasimama masaa 10.

Kwa hiyo wewe wa mashine, wa grainda, wa kuchomelea, wa spika kubwa: kama mtu yuko umbali wa mkono na inabidi upige kelele akusikie, hapo pana madhara tayari. Nunua viziba masikio vya sponji, kipande cha pamba hakizuii vya kutosha. Hicho kiziba cha sponji kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu, ingiza, kishikilie mpaka kivimbe. Na sikio likizima ghafla usisubiri, nenda siku hiyo hiyo, hilo lina dawa ikiwahi. Mtoto anayetoka usaha sikioni naye apelekwe, msimtie mafuta.

Kijana ninayefanya naye sa hivi havui vyake mpaka tuzime. Mi nina chaki mfukoni, mteja mwenyewe anaandika kwenye ndoo yake, D ya dona au S ya sembe, ndo napokea. Yule mama bado anakuja, na D yake anaichora kubwa, upande mzima.