Binti yangu na karanga za uji wa shule

Pole sana, dada yangu. Umesema binti yako wa darasa la pili hapa Tanga alivimba midomo baada ya kunywa uji wa lishe wenye karanga, na mwalimu akakujibu kuwa hakuna sheria ya kumpikia mtoto mmoja peke yake.

Pa kushika papo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya hali yake ya afya. Karanga haizitaji, ni kweli. Marekani wana kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973, kinachokataza kumbagua mwenye ulemavu, na England tangu 2017 shule zinaruhusiwa kununua sindano za akiba za adrenalini, dawa ya kumwokoa mtu mzio (aleji) unapomzidi. Sisi tuanze na hiyo yetu.

Nenda hospitali ya Bombo, daktari akuandikie barua: kinachomdhuru, dalili zake, na afanyiwe nini. Mwalimu mkuu apate nakala, na yako aigonge muhuri.

Halafu, tafadhali, ingia jikoni mwenyewe. Mwanangu mimi alidhurika kwa uji usio na karanga hata chembe. Mwiko ulikuwa umetoka kukoroga sufuria ya pili. Mpishi alilia, maana hakuna aliyemwambia. Zungumza na wauza kashata wa getini pia.

Akianza kubanwa kifua, wasimpe Piriton, vile vidonge vya mzio, wakakaa kungoja. Adrenalini kwanza kama ipo, asitembezwe, na usafiri wa kwenda hospitali utafutwe palepale.